Freddie Mercury, Mzaliwa wa Unguja Aliyeimba Albamu Iliyouzwa Kuliko Zote Uingereza

Albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza si ya The Beatles wala si ya Elton John. Ni mkusanyiko wa nyimbo 17 za kundi la Queen uliotoka Oktoba mwaka 1981 kwa jina la Greatest Hits, na sauti inayoongoza nyimbo hizo ni ya mtu aliyezaliwa Unguja.

Mwaka 2014 albamu hiyo ilikuwa ya kwanza nchini humo kupita nakala milioni 6. Mwaka 2022 ikawa ya kwanza kupita milioni 7, kwa hesabu ambayo siku hizi inajumuisha pia wanaosikiliza kwa njia ya intaneti.

Mwenye sauti hiyo hakuyaona mafanikio hayo. Freddie Mercury alifariki dunia Novemba 24 mwaka 1991 jijini London akiwa na umri wa miaka 45, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa alikuwa na UKIMWI.

Wengi walioinunua santuri hiyo hawakujua kuwa jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara, wala kwamba utotoni alikulia Mji Mkongwe. Yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuwaambia. Albamu ile ina nyimbo zake zilizotamba, lakini sehemu kubwa ya maisha yake haimo.

Mtoto wa karani wa serikali

Farrokh alizaliwa Septemba 5 mwaka 1946 mjini Unguja, wakati visiwa vya Zanzibar vikiwa chini ya Sultani Khalifa bin Haroub na ulinzi wa Waingereza.

Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika mahakama kuu. Mama yake aliitwa Jer. Wote wawili walikuwa Maparsi, watu wa asili ya Uajemi ambao mababu zao walihamia India karne nyingi zilizopita na kuendelea kuishika dini yao ya Zoroaster. Ukoo wa Bulsara ulitoka Gujarat, magharibi mwa India.

Maparsi wa Unguja walikuwa wachache. Hata hivyo wengi wao walikuwa na elimu na walishika kazi za ofisini katika serikali ya kikoloni. Familia ya Bulsara iliishi maisha ya nafasi katika eneo la Shangani, hatua chache kutoka baharini.

Mwaka 1952 alizaliwa mdogo wake wa kike, Kashmira. Miaka michache baadaye, Farrokh akiwa na umri wa miaka minane hivi, wazazi wake walimpandisha meli kwenda India kusoma shule ya bweni ya St Peter's iliyopo Panchgani, mji wa milimani kusini mashariki mwa Bombay.

Haikuwa jambo la ajabu wakati huo. Familia nyingi za Kiasia za Afrika Mashariki zenye uwezo ziliwapeleka watoto wao India kwa masomo. Lakini kwa mtoto wa umri ule, ilikuwa na maana ya kukaa mbali na wazazi kwa miaka mingi na kuwaona kwa nadra.

Huko Panchgani ndiko alikoanza kuitwa Freddie, ndiko alikojifunza piano, na ndiko alikounda bendi yake ya kwanza na wanafunzi wenzake akiwa na umri wa miaka 12. Bendi hiyo iliitwa The Hectics. Alisifika pia kwa mchezo wa mpira wa meza.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua tangu utotoni. Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa, yaliyosababisha meno ya mbele yajitokeze. Baadaye, alipokuwa tajiri na angeweza kuyarekebisha, alikataa kwa kuhofia kuwa sauti yake ingeharibika.

Mapinduzi na safari ya Feltham

Freddie alirudi Unguja mwaka 1963. Desemba 10 mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12 mwaka 1964, serikali hiyo ilipinduliwa.

Watu wengi waliuawa katika siku zile, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kiasia, na maelfu ya wengine walikimbia visiwa hivyo. Baadhi walivuka kwenda Mombasa na Dar es Salaam, wengine wakaishia Oman na nchi nyingine za Ghuba, na wengine Uingereza. Wasomaji wetu wengi wana ndugu ambao historia ya maisha yao inaanzia kwenye mwaka huo.

Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwao. Bomi alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza, na hakuwa na sababu ya kuamini kuwa wanawe wangekuwa salama. Mwaka huo huo wa 1964 walifungasha virago na kwenda Uingereza. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Walifikia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Nyumba yao ilikuwa ndogo, hali ya hewa ilikuwa ya baridi, na maisha ya Shangani yalikuwa yamekwisha. Bomi na Jer walilazimika kuanza upya wakiwa watu wazima.

Freddie alisoma chuo cha Isleworth, kisha kuanzia mwaka 1966 akajiunga na chuo cha sanaa cha Ealing, ambako alihitimu masomo ya usanifu wa michoro mwaka 1969. Katika miaka hiyo alifanya vibarua mbalimbali, ikiwemo kubeba mizigo ya abiria pale Heathrow. Baadaye alifungua meza ya nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor.

Roger alikuwa mpiga ngoma wa bendi iliyoitwa Smile, na mpiga gitaa wa bendi hiyo alikuwa Brian May, mwanafunzi wa fizikia. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka 1970, Freddie alichukua nafasi yake.

Ni yeye aliyechagua jina jipya la kundi, Queen, yaani Malkia. Ni yeye pia aliyechora nembo yake, akitumia wanyama wa nyota za kuzaliwa za wanamuziki wote wanne. Na ni wakati huo ambapo alianza kujiita Mercury. Mwaka 1971 alijiunga nao mpiga gitaa la besi John Deacon, na kundi likakamilika.

Kutoka nyimbo ndefu hadi vibao vya redioni

Queen haikuanza kama kundi la vibao vya redioni. Albamu zake za mwanzo zilikuwa karibu sana na roki ya progresivu, aina ya muziki iliyotamba Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia makundi kama Yes, Genesis na King Crimson.

Wanamuziki wa aina hiyo hawakuridhika na wimbo wa dakika tatu wenye beti na kiitikio. Walitunga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, midundo inayobadilika ghafla, na visa vya wafalme, mazimwi na nchi za kufikirika. Albamu ilitakiwa isikilizwe yote, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma kitabu.

Albamu ya Queen II iliyotoka Machi mwaka 1974 ni mfano mzuri. Upande mmoja wa santuri uliitwa Mweupe na wa pili Mweusi, na nyimbo zote za upande Mweusi zilitungwa na Freddie. Mmoja ulitokana na mchoro wa Richard Dadd, msanii wa karne ya 19, ambao Freddie aliuona katika jumba la sanaa la Tate jijini London.

Wimbo wa mwisho wa upande huo, Seven Seas of Rhye, ndio uliowaingiza kwa mara ya kwanza katika nyimbo 10 bora za Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo Killer Queen ukafika nafasi ya 2.

Kisha ukaja Bohemian Rhapsody, Oktoba mwaka 1975. Freddie aliutunga wimbo huo wa karibu dakika sita bila kiitikio hata kimoja. Unaanza kwa uimbaji wa taratibu na piano, unaingia kwenye opera, unalipuka kuwa roki nzito, kisha unatulia tena.

Sehemu ya opera peke yake iliwachukua takriban wiki tatu studio. Freddie, Brian na Roger walirekodi sauti zao tena na tena, moja juu ya nyingine, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Ndani yake linasikika neno Bismillah, jambo lililowashangaza wasikilizaji wengi wa Ulaya, lakini si la kushangaza kwa mtu aliyekulia Mji Mkongwe.

Wakuu wa kampuni ya kurekodi waliona ni mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio alipopata nakala aliupiga mara nyingi mwishoni mwa wiki moja, na wasikilizaji wakaanza kuuliza madukani. Ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki tisa.

Huu ndio wimbo unaofungua albamu ya Greatest Hits. Ndani yake mbinu zote za roki ya progresivu zimebanwa katika wimbo mmoja ambao hata mtoto mdogo anaweza kuufuata. Kipaji kikubwa cha Freddie kilikuwa hapo. Aliweza kuchukua muziki mgumu na kuupeleka kwa watu wa kawaida bila kuupunguza.

Nyimbo 17 na watunzi watatu

Kufikia mwaka 1981 Queen ilikuwa kundi la dunia nzima. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Marekani mara mbili, kwa Crazy Little Thing Called Love wa Freddie na Another One Bites the Dust wa John Deacon. Machi mwaka 1981 ilijaza uwanja wa Morumbi mjini Sao Paulo, Brazil, kwa watu zaidi ya laki moja.

Ndipo kampuni ya EMI ilipoitoa Greatest Hits. Picha ya jalada ilipigwa na Lord Snowdon, aliyewahi kuwa mume wa Princess Margaret. Kijana aliyekuja na familia iliyoikimbia Zanzibar sasa alikuwa anapigwa picha na shemeji wa zamani wa Malkia Elizabeth.

Orodha ya nyimbo haikuwa moja duniani. Kila nchi ilipata zile zilizotamba kwake. Toleo la Marekani, kwa mfano, lilikuwa na wimbo Under Pressure ambao Queen iliimba na David Bowie, wakati toleo la Uingereza halikuwa nao.

Katika toleo la Uingereza, nyimbo 10 kati ya 17 zilitungwa na Freddie. Brian May alitunga 5 na John Deacon 2. Roger Taylor hakuwa na wimbo hata mmoja, ingawa baadaye naye alitunga vibao vikubwa kama Radio Ga Ga.

Ukizisikiliza nyimbo hizo 10 za Freddie ni vigumu kuamini kuwa ni za mtu mmoja. Kuna wa kumbi za starehe za zamani, kuna wa injili ya watu weusi wa Marekani, kuna wa roki ya miaka ya 1950, kuna wa baiskeli, na kuna We Are the Champions ambao mpaka leo unaimbwa viwanjani kila timu inapotwaa kombe.

Albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Wiki zilipita, miaka ikapita, na watu waliendelea kuinunua. Santuri ilipochoka walinunua kanda, na zilipokuja CD wakainunua tena.

Jina aliloliacha nyuma

Kwa nini basi mtu maarufu kiasi hicho hakupenda kuizungumzia Zanzibar?

Freddie hakuwahi kulitolea jambo hilo maelezo ya kina mbele ya waandishi wa habari, ambao kwa ujumla aliwakwepa. Kinachojulikana ni hali ya Uingereza aliyoanzia muziki wake.

Mwaka 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba kali ya kuwapinga wahamiaji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na takriban 28,000 kati yao waliingia Uingereza huku baadhi ya wananchi wakiandamana kuwakataa. Kundi la kibaguzi la National Front lilikuwa likipata nguvu. Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka uliofuata, Julai 1973.

Katika mazingira hayo, kijana Muasia kutoka Afrika kusimama mbele ya kundi la roki halikuwa jambo dogo. Karibu waimbaji wote wakubwa wa roki nchini humo walikuwa wazungu. Jina la Mercury halikumwambia mtu chochote kuhusu Gujarat wala Unguja, na huenda hiyo ilikuwa ndiyo faida yake.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Kwa wazazi wake alibaki mtoto wao wa Kiparsi, akiwatembelea Feltham na kula chakula cha mama yake.

Sun City na Wembley

Ipo sehemu ya historia ya Queen ambayo mashabiki wengi hupenda kuiruka. Oktoba mwaka 1984, kundi hilo lilikwenda kufanya maonyesho katika hoteli ya kitalii ya Sun City, Afrika Kusini.

Sun City ilikuwa Bophuthatswana, eneo ambalo utawala wa makaburu ulidai kuwa ni nchi huru lakini hakuna nchi nyingine yoyote duniani iliyolitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Nelson Mandela alikuwa bado gerezani.

Chama cha wanamuziki wa Uingereza kiliitoza Queen faini, na kundi hilo likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Wanamuziki hao walijitetea kuwa wao si wanasiasa na kuwa walipiga mbele ya watu wa rangi zote.

Utetezi huo haukuwaridhisha wengi, na kwa upande wa Freddie ulikuwa na uzito zaidi. Yeye alikuwa mzaliwa wa Afrika, Muasia, na kama angezaliwa Durban badala ya Unguja sheria za makaburu zingempangia mahali pa kuishi. Hilo ni doa ambalo mafanikio yake hayakulifuta.

Miezi tisa baadaye, Julai 13 mwaka 1985, Afrika ilimrudisha juu kwa njia nyingine. Siku hiyo yalifanyika maonyesho ya Live Aid, London na Philadelphia, kuwachangia waliokumbwa na njaa kubwa Ethiopia.

Queen ilipewa dakika zisizozidi ishirini na kitu. Wengine walitumia nafasi hiyo kupiga nyimbo zao mpya. Queen ilipiga nyimbo sita ambazo kila mtu alizijua, nne kati yake zikiwa zimo ndani ya Greatest Hits. Mbele ya watu zaidi ya 70,000 uwanjani Wembley na mamilioni waliotazama kwenye televisheni, Freddie aliimba na umati ukamwitikia kama mtu mmoja.

Mpaka leo onyesho hilo hutajwa na wengi kuwa bora kuliko yote ya siku ile.

Ugonjwa na ukimya

Agosti 9 mwaka 1986 Queen ilipiga muziki Knebworth, kaskazini mwa London, mbele ya umati mkubwa uliojaza viwanja hivyo. Hakuna aliyejua kuwa Freddie hangepanda tena jukwaani na kundi hilo kwa onyesho kamili.

Mwaka uliofuata aligundulika kuwa na UKIMWI. Enzi hizo ugonjwa huo ulikuwa sawa na hukumu ya kifo. Dawa iliyokuwepo ilikuwa AZT, ambayo peke yake haikuweza kuuzuia kwa muda mrefu. Mchanganyiko wa dawa unaowawezesha wagonjwa kuishi miaka mingi ulikuja kuanzia mwaka 1996, miaka mitano baada ya kifo chake.

Alizungukwa na watu wachache tu nyumbani kwake Garden Lodge, Kensington. Alikuwepo Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake miaka ya 1970 na ambaye alibaki rafiki yake wa karibu kuliko wote. Alikuwepo pia Jim Hutton, mwanamume aliyeishi naye katika miaka yake ya mwisho. Magazeti ya udaku yalipiga kambi nje ya ukuta wakisubiri picha ya mtu aliyekonda.

Freddie aliamua kufanya kazi. Alirekodi albamu ya Barcelona na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé, iliyotoka mwaka 1988. Na Queen alirekodi The Miracle ya mwaka 1989 na Innuendo ya mwaka 1991. Mei mwaka 1991 alisimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho, na video hiyo ilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili hali yake isionekane sana.

Oktoba mwaka 1991 ikatoka Greatest Hits II, iliyokusanya nyimbo za tangu mwaka 1981. Wimbo wa mwisho katika orodha yake ni The Show Must Go On, ambao Freddie aliurekodi akiwa mgonjwa sana. Waliofunga maandalizi ya albamu hiyo walijua walichokuwa wanakifanya. Wanunuzi hawakujua.

Novemba 23 alitoa taarifa kuwa alikuwa na UKIMWI. Jioni ya siku iliyofuata alifariki kwa nimonia.

Wapo waliomlaumu kwa kukaa kimya muda mrefu. Wiki mbili tu kabla yake, mcheza kikapu wa Marekani Magic Johnson alikuwa ametangaza hadharani kuwa ana virusi. Na kwa upande wa Afrika Mashariki, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alikuwa amefanya hivyo tangu mwaka 1989. Lutaaya alirudi nyumbani kutoka Sweden, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaonya vijana, na akafariki Desemba mwaka huo huo.

Ukiwalinganisha wanamuziki hao wawili, Lutaaya alionyesha ujasiri ambao Freddie hakuuonyesha. Lakini ni haki kukumbuka kuwa Freddie hakuwa na deni la kuugua mbele ya kamera, na kwamba kifo chake nacho kilifanya kazi. Bohemian Rhapsody ulitolewa upya, ukashika tena nafasi ya kwanza, na zaidi ya pauni milioni moja zilipelekwa kwa shirika la kuwasaidia wagonjwa la Terrence Higgins Trust. Aprili mwaka 1992 tamasha la kumkumbuka lilifanyika Wembley, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust ambao umechangia miradi ya kupambana na UKIMWI katika nchi mbalimbali, zikiwemo za Afrika.

Majina mawili

Mazishi yake yalifanyika Novemba 27 mwaka 1991 magharibi mwa London. Makasisi wa Kizoroaster walisoma sala za dini ya wazazi wake, kisha mwili ukachomwa. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, ambaye hakuwahi kuwatangazia watu alikoyapeleka.

Montreux, mji wa Uswisi ambako Queen ilikuwa na studio, ilimsimamishia sanamu kando ya ziwa mwaka 1996. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, na Rami Malek aliyeigiza nafasi yake alipata tuzo ya Oscar. Mwaka 2023 vitu vyake viliuzwa kwa mnada na Sotheby's, ambapo piano aliyotungia Bohemian Rhapsody ilichukuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Zanzibar imekuwa na moyo mzito zaidi juu yake. Mwaka 2006, wakati baadhi ya watu walipopanga kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya kidini ya UAMSHO ilipinga vikali kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi na wanaume, na sherehe hiyo ikaachwa. Hata hivyo mwaka 2019 lilifunguliwa jumba dogo la makumbusho yake huko Shangani, na watalii wanaolizuru hushangaa kukuta picha za mtoto Farrokh kabla ya umaarufu wote.

Bomi Bulsara alifariki mwaka 2003. Jer aliishi mpaka Novemba mwaka 2016, miaka 25 baada ya mwanawe.

Miezi miwili kabla ya kifo cha mama huyo, bamba la buluu wanalowekewa watu mashuhuri wa Uingereza lilibandikwa kwenye nyumba yao ya kwanza pale Feltham, na Kashmira alikuwepo. Jalada la Greatest Hits linamjua mtu mmoja tu, Freddie Mercury. Bamba la Feltham limeandikwa pia Bulsara.